Vifaru vya Majaribio vya Ujerumani na Mafunzo Yake kwa Majeshi ya Leo

Kifaru cha vita kinapopita mbele ya jukwaa siku ya gwaride, raia hutazama mtutu wa mzinga na unene wa chuma. Fundi wa jeshi hutazama mengine. Yeye hutega sikio asikie mlio wa gia, huangalia minyororo, na hujiuliza gari hilo hula mafuta kiasi gani, ni daraja lipi litakaloweza kulibeba, na ni nani atakayelitengeneza likiharibika mbali na karakana. Katika historia ya vita vya karne ya ishirini, hapana nchi iliyolipa gharama kubwa kuliko Ujerumani kwa kusahau maswali ya fundi huyo. Na hata hivyo, hapana nchi iliyofanya majaribio ya vifaru mengi ya ajabu kuliko hiyo. Baadhi ya majaribio hayo yalikuwa upuuzi mtupu. Mengine yamo hadi leo ndani ya vifaru vya karibu majeshi yote ya dunia.

Ndugu wasikilizaji, wanajeshi na askari polisi, kifaru hakikuzaliwa Ujerumani. Waingereza ndio waliokitia vitani mara ya kwanza, tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya mto Somme nchini Ufaransa, ili kuvuka mahandaki na seng'enge zilizokuwa zikiwamaliza askari wa miguu. Majemadari wa Kijerumani walikidharau chombo hicho, kisha wakakiogopa, na mwisho wakakiiga. Kifaru chao cha kwanza, kilichoitwa A7V, kilikuwa sanduku la chuma la tani 30 hivi, lenye askari 18 ndani yake, wamebanana katika joto na moshi wa injini. Viliundwa 20 tu, ilhali Waingereza na Wafaransa waliunda maelfu. Tarehe 24 Aprili 1918, karibu na mji wa Villers-Bretonneux, vifaru vya pande mbili vilipambana kwa mara ya kwanza. Kabla ya mwaka huo kwisha, Ujerumani ilikuwa imeshindwa.

Mkataba wa amani uliotiwa saini Versailles tarehe 28 Juni 1919 unajulikana vema katika sehemu hizi za Afrika, maana ndio uliowanyang'anya Wajerumani rasmi Tanganyika, Rwanda na Burundi. Mkataba huo huo, katika kifungu chake cha 171, uliikataza Ujerumani kuunda vifaru na magari ya deraya, au kuviingiza kutoka nje. Jeshi la nchi kavu lilipunguzwa hadi watu 100,000. Polisi peke yao ndio walioruhusiwa baadaye kuwa na idadi ndogo ya magari ya deraya kwa kulinda usalama wa miji. Askari wa jeshi walifanya mazoezi kwa motokaa ndogo zilizofunikwa mbao na turubai zikaigiza umbo la kifaru, jambo lililowachekesha watoto wa vijiji.

Lakini chini ya kicheko hicho kazi ya siri ilikuwa ikiendelea. Mwaka 1922, Ujerumani na Urusi ya Kisovieti, nchi mbili zilizokuwa zimetengwa na mataifa mengine, zilipatana katika mkataba wa Rapallo. Kutokana na urafiki huo kilifunguliwa chuo cha siri cha vifaru karibu na mji wa Kazan, ndani kabisa ya Urusi, ambacho kilifanya kazi kuanzia mwaka 1929 hadi 1933. Maofisa wa Kijerumani walikwenda huko kana kwamba ni watu wa kawaida. Magari waliyoyapeleka yalipewa majina ya kilimo. Moja liliitwa trekta kubwa, jingine trekta dogo. Hata kifaru cha kwanza kilichoundwa kwa wingi mnamo miaka ya 1930, ambacho baadaye kiliitwa Panzer I, kiliandikwa kwanza katika majalada kuwa trekta la shamba.

Matrekta makubwa hayo yalikuwa sita tu. Makampuni matatu, yaani Daimler-Benz, Krupp na Rheinmetall, kila moja liliunda mawili, kwa chuma cha kawaida kisichozuia risasi. Yaliharibika mara kwa mara. Walakini Wajerumani hawakwenda Kazan kupata kifaru kilicho tayari. Walikwenda kujifunza ni kitu gani huvunjika, ni nani ndani ya kifaru anayelemewa na kazi, na ni kwa namna gani magari mengi yanaweza kuamrishwa kwa pamoja. Kwa jaribio la aina hiyo, gari linalokwama lina faida yake, mradi wanaolitazama waandike sababu ya kukwama kwake.

Baadaye lilikuja jaribio jingine, kifaru kirefu chenye minara mitatu: mnara mkubwa wenye mizinga miwili, na minara miwili midogo ya bunduki za rashasha. Viliundwa vitano. Vitatu vilipelekwa Norway mwaka 1940, vikapigwa picha nyingi bandarini Oslo ili ulimwengu udhani kuwa Ujerumani inavyo vingi. Hilo ndilo lililokuwa tendo lake kubwa la vita. Mawazo ya minara mingi yalijaribiwa pia Uingereza na Urusi, na kila mahali majibu yalikuwa yale yale: kamanda mmoja hawezi kuongoza ngome tatu kwa wakati mmoja, na chuma hakitoshi kuzifunika zote. Tangu hapo kifaru cha vita kimebaki na mnara mmoja na mzinga mkubwa mmoja.

Fundisho lenye thamani kuliko yote lilihusu watu walio ndani ya kifaru. Heinz Guderian, ofisa ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia vikosi vya mawasiliano, alishikilia kwamba kila kifaru kiwe na redio, na kwamba vifaru vitembee pamoja na askari wa miguu, mizinga, wahandisi na magari ya mafuta, vyote kwa mwendo mmoja. Mnamo mwaka 1937 alichapisha kitabu chake, Achtung – Panzer!, kueleza mawazo hayo. Wakati huo huo wahandisi waliokuwa wakibuni kifaru cha Panzer III waliweka watu watatu katika mnara. Mmoja alilenga shabaha, wa pili alipakia makombora, na wa tatu, yaani kamanda, hakuwa na kazi nyingine ila kutazama, kufikiri na kutoa amri. Chini yao walikaa dereva na mwendesha redio. Wote waliweza kusemezana kwa simu ya ndani, injini iungurume iwavyo.

Leo jambo hilo laonekana dogo, lakini mwaka 1940 lilipima nguvu za mataifa. Ujerumani ilipoivamia Ufaransa tarehe 10 Mei mwaka huo ilikuwa na vifaru kama 2,500, na vingi vyao vilikuwa vyepesi. Ufaransa na marafiki zake walikuwa na zaidi ya 3,000. Kifaru cha Kifaransa cha Char B1 kilikuwa na chuma kinene ambacho mizinga midogo ya Wajerumani haikuweza kukipenya. Tarehe 16 Mei, katika kijiji cha Stonne, kifaru kimoja cha aina hiyo kilichoongozwa na Kapteni Pierre Billotte kiliharibu vifaru 13 vya adui, kikapigwa mara nyingi, kikarudi salama. Lakini katika mnara wa kifaru hicho alikaa mtu mmoja peke yake. Yeye huyo alikuwa kamanda, mlenga shabaha na mpakiaji. Na vifaru vingi vya Kifaransa havikuwa na redio ya kufaa. Ushujaa ulikuwapo, chuma kilikuwapo, ila amri haikufika kwa wakati. Baada ya wiki sita Ufaransa iliweka silaha chini.

Baada ya vita, kanuni ya mnara wa watu watatu na redio katika kila kifaru ikawa kanuni ya karibu dunia nzima. Ilimo katika T-55, kifaru kinachojulikana na majeshi mengi ya Afrika, imo katika Centurion ya Waingereza, imo katika Abrams ya Wamarekani. Hata pale ambapo mtambo umechukua nafasi ya mpakiaji, kama katika T-72, kamanda ameachiwa kazi yake ya kutazama na kuamuru.

Ushindi, hata hivyo, humlevya mtu. Wajerumani walipoivamia Urusi tarehe 22 Juni 1941 walikutana na vifaru ambavyo hawakuvitazamia. T-34 ilikuwa na mabamba ya chuma yaliyolazwa mshazari, hivi kwamba kombora liliteleza au likalazimika kupita katika unene mkubwa zaidi. Ilikuwa na minyororo mipana iliyoelea juu ya matope na theluji. Na ilitumia injini ya dizeli. Mnamo Novemba 1941 ujumbe wa wahandisi ulitumwa kutoka Ujerumani hadi mstari wa mbele ukaikague. Kutokana na safari hiyo makampuni mawili yalishindanishwa. Daimler-Benz ilileta gari lililofanana mno na lile la Warusi. Kampuni ya MAN ilileta gari kubwa zaidi, nalo ndilo lililochaguliwa mwaka 1942, likaitwa Panther.

Katika karatasi Panther ilikuwa silaha bora. Mzinga wake wa milimita 75 ulikuwa na mtutu mrefu wenye nguvu nyingi. Chuma chake cha mbele kililazwa mshazari. Magurudumu yake makubwa yalibebwa na nondo za chuma zinazojisokota badala ya springi za kawaida, ikawa hukimbia uwandani bila kuruka ovyo. Lakini gari lililokusudiwa kuwa na uzito wa tani 30 na kitu liliongezewa chuma hadi likafika karibu tani 45, nazo gia zikabaki karibu zile zile. Vifaru 200 hivi vya Panther viliharakishwa kwenda Kursk, na vita vikaanza tarehe 5 Julai 1943. Vingine vilishika moto kwa hitilafu za injini, vingi vilikwama kwa kuharibika, na siku chache baadaye vilivyoweza kupigana vilikuwa sehemu ndogo tu. Jeshi la Ufaransa, ambalo baada ya vita lilitumia Panther zilizotekwa, liliripoti kwamba gia za mwisho za kuzungushia minyororo zilidumu kwa wastani wa kilomita 150 tu. Tena magurudumu yalipangwa kwa kupishana, na ili kulifikia moja la ndani fundi alipaswa kufungua kadhaa ya nje, usiku, katika matope, huku adui yu karibu. Kamba hukatikia pabovu.

Kifaru cha Tiger nacho kina kisa chake. Tarehe 20 Aprili 1942, siku ya kuzaliwa kwa Adolf Hitler, magari mawili ya mfano yalipelekwa mbele yake huko Rastenburg. Moja lilikuwa la kampuni ya Henschel, la pili lilibuniwa na Profesa Ferdinand Porsche. Gari la Porsche halikuwa na sanduku la gia la kawaida. Injini mbili za petroli zilizungusha jenereta, jenereta zikatoa umeme, na umeme ukaendesha mota zilizovuta minyororo. Mawazo yalikuwa ya akili sana, ila injini zilipata joto kupita kiasi na mitambo ilidai shaba nyingi, madini yaliyokuwa adimu Ujerumani wakati wa vita. Gari la Henschel likashinda. Lakini Porsche, aliyependwa na Hitler, alikuwa amekwisha kuanza kuunda mabodi ya magari yake kabla uamuzi haujatolewa. Kama 90 yaligeuzwa kuwa magari ya kupiga vifaru, yakaitwa Ferdinand kwa jina lake. Yalifika Kursk yakiwa na mzinga mzuri wa milimita 88 bila bunduki hata moja ya rashasha ya kujilindia na askari wa miguu.

Kiongozi huyo hakuridhika. Katika mwaka 1942 Porsche aliagizwa abuni kifaru kizito kuliko vyote vilivyopata kuundwa duniani. Kwa mzaha kiliitwa Maus, maana yake panya. Kilikuwa na uzito wa tani 188, mzinga wa milimita 128, na mwingine wa milimita 75 kando yake. Hakukuwa na daraja la kukivusha. Kwa hiyo wahandisi walikusudia kipite chini ya maji katika sakafu ya mto, kikipelekewa umeme kwa waya mnene kutoka kifaru kingine cha aina hiyo kilichosimama ukingoni. Kisha kile kilichovuka kimvushe mwenziwe kwa njia hiyo hiyo. Viliundwa viwili tu vya majaribio, tena kimoja kati yake ndicho kilichopata mnara kamili. Warusi walipokaribia mwaka 1945, Wajerumani walijaribu kuviharibu. Warusi waliunganisha mnara wa kimoja na bodi la kingine, na kitu hicho kiko hadi leo katika makumbusho ya Kubinka, karibu na Moscow.

Haifai kuzungumzia vyuma hivyo bila kutaja mikono iliyoviunda. Kadiri vita vilivyoendelea ndivyo viwanda vya Ujerumani vilivyojaa wafanyakazi wa kulazimishwa kutoka Poland, Urusi, Ufaransa na kwingineko, pamoja na wafungwa wa makambi ya mateso. Kiwanda cha Nibelungen huko Austria, kilichounda magari ya Porsche na vifaru vya Panzer IV, kilikuwa na tawi la kambi ya Mauthausen huko St. Valentin. Mwaka 1948 mahakama ya Nuremberg ilimtia hatiani Alfried Krupp kwa kuwatumikisha watu kama watumwa na kwa kupora mali za nchi zilizotekwa. Kila asifuye uhodari wa mafundi wale na akumbuke pia jambo hilo.

Ilipofika mwaka 1943 wahandisi wenyewe wa ofisi ya silaha walikuwa wameona kosa. Mmoja wao, Heinrich Kniepkamp, alisimamia mpango mpya ulioitwa kwa herufi E. Shabaha yake ilikuwa kuachana na utitiri wa magari yasiyofanana, na badala yake kuwa na aina chache, kuanzia E-10 nyepesi hadi E-100 nzito, zinazotumia vipuri vya namna moja kwa kadiri iwezekanavyo. Springi zingefungwa nje ya bodi ili ndani pabaki nafasi. Na katika magari madogo injini na gia zingekaa pamoja nyuma, zitolewe kwa urahisi. Huo ulikuwa mpango wa akili timamu, ila ulikuja wakati saa imekwisha. Kilichopatikana ni bodi moja ambalo halijakamilika la E-100, ambalo Waingereza walilikuta karibu na Paderborn, wakalichunguza na hatimaye kulivunja.

Vita vilipokwisha, mataifa washindi yaligawana maarifa kama watu wanaogawana mirathi. Ufaransa ilichukua Panther na wahandisi. Vifaru vyake vizito vya majaribio vya AMX-50 vilifuata magurudumu ya kupishana ya Wajerumani na injini ya Maybach. Havikuingia jeshini. Lakini mzinga wa kifaru chepesi cha AMX-13, kilichouzwa katika nchi nyingi, ulitokana na mzinga wa milimita 75 wa Panther. Israel ilifunga mzinga huo wa Kifaransa katika vifaru vya zamani vya Sherman na kuvitumia katika vita vya 1956 na 1967. Hivyo silaha iliyobuniwa na dola ya Hitler iliishia mikononi mwa taifa lililoanzishwa na watu ambao dola hiyo ilikusudia kuwaangamiza.

Jaribio jingine lilihusu kupigana usiku. Mwanzoni mwa mwaka 1945 Panther chache zilifungwa taa inayotoa miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho matupu, pamoja na darubini ya umeme iliyoigeuza miali hiyo kuwa picha. Kamanda aliweza kuona gizani hadi mita mia kadhaa. Miaka ya 1950 na 1960 majeshi makubwa yote yaliendeleza kifaa hicho, na taa ya infraredi iliyofungwa kando ya mzinga wa T-55 ni ndugu yake. Upungufu wake ulijulikana upesi: adui mwenye darubini ya namna hiyo aliiona taa hiyo ikiwaka kama kurunzi. Ndiyo sababu vifaru vya leo hutumia vyombo vinavyopokea joto la vitu bila kutoa mwanga wowote.

Pengine majaribio yaliyoacha alama kubwa zaidi ni yale ya kukiua kifaru. Wajerumani waliendeleza baruti iliyochimbwa shimo mfano wa faneli na kutandikwa shaba au chuma ndani yake. Ikilipuka, nguvu zake hukusanyika mahali pamoja na kutoboa bamba nene. Waliitumia tarehe 10 Mei 1940 katika ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji, na tangu mwaka 1943 waliwapa askari wao wa miguu bomba la Panzerfaust. Warusi walilichunguza bomba hilo, na katika ukoo wa silaha zilizofuata imo RPG-7 ya mwaka 1961, ambayo askari wa nchi hizi hawahitaji kuelezwa. Wajerumani walijaribu pia roketi ndogo ya X-7 iliyoongozwa kwa waya, na baada ya vita Wafaransa walifuata njia hiyo hadi wakapata SS.10, mama wa makombora mengi ya kupiga vifaru.

Katika miezi ya mwisho ya vita waliunda mzinga mwepesi wa PAW 600. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, bila michirizi, na kombora lake lilinyooshwa na mapezi ya mkiani. Baruti yake iliungua kwa kani kubwa ndani ya ganda, kisha gesi zikatoka kidogo kidogo kwenye matundu, hata mtutu mwembamba ukatosha. Kanuni hiyo ya kani kubwa na ndogo ndiyo iliyotumika baadaye katika bunduki ya kurushia guruneti ya milimita 40 ya Kimarekani, M79, na nyingine za ukoo huo. Nao mtutu laini ulikuja kuonekana katika T-62 ya Warusi mwaka 1961, na hatimaye katika Leopard 2.

Yapo pia madini ya wolframu, yanayochimbwa Rwanda na yaliyopata kuchimbwa Kigezi. Ni mazito na magumu mno. Wajerumani waliyatia katika kiini cha makombora ya kutoboa vifaru, lakini walitegemea Ureno na Hispania kuyapata, na yalipopungua, mizinga iliyoyategemea ikakosa chakula. Leo makombora membamba kama mishale ya vifaru vya Kijerumani hutengenezwa kwa wolframu hiyo hiyo. Hapo lipo somo: silaha inayotegemea mali iliyo mikononi mwa mwingine ni silaha ya kuazima.

Haki na itendeke katika hesabu hii. Si kila kitu katika kifaru cha leo kilitoka Ujerumani. Injini na gia kuwa pamoja nyuma, Warusi walikuwa nazo tangu T-34. Chuma cha mshazari kilikuwa chao pia. Deraya ya tabaka mbalimbali iliendelezwa na Waingereza huko Chobham miaka ya 1960. Na katika hesabu ya idadi, viwanda vya Ujerumani viliunda Tiger za kwanza kama 1,350 na Panther kama 6,000, ilhali Warusi waliunda T-34 zaidi ya 50,000, nao Wamarekani Sherman zipatazo 49,000. Kifaru kizuri kimoja kisicho na mafuta hakikuweza kuvizuia kumi vya wastani vilivyokuwa na mafuta, vipuri na mafundi.

Ujerumani ya Magharibi ilipopata jeshi tena mwaka 1955 ilionekana kuwa imejifunza. Leopard ya kwanza ya mwaka 1965 ilikuwa nyepesi na yenye mwendo, injini na gia zake zikitolewa kwa pamoja na kurudishwa kwa muda mfupi uwandani. Hata hivyo kishawishi cha zamani kilirudi. Mwaka 1963 nchi hiyo na Marekani zilikubaliana kuunda kifaru cha MBT-70, chenye mzinga wa milimita 152 wa kurushia roketi pia, springi za maji na gesi za kukiinamisha, na dereva aliyekaa ndani ya mnara. Gharama zilipanda kupita kiasi, mitambo ikasumbua, na mwaka 1970 nchi hizo zikaachana. Wajerumani hawakutupa kila kitu. Bodi moja lake lilitumiwa kujaribu kifaru kisicho na mnara chenye mizinga miwili, jambo ambalo pia liliachwa. Yaliyothibitika yalikusanywa katika Leopard 2, iliyoingia jeshini mwaka 1979 ikiwa na injini ya nguvu za farasi 1,500 na mzinga laini wa milimita 120 wa Rheinmetall. Wamarekani wenyewe waliuchukua mzinga huo kwa ajili ya Abrams mwaka 1985. Mjerumani mwingine, mtaalamu wa milipuko Manfred Held, alibuni vijisanduku vya baruti vya kufunika kifaru ili kuvunja nguvu za kombora la faneli, na Israel ikavitumia vitani mwaka 1982.

Mawazo ya kale yanaendelea kurudi kwa nguo mpya. Mwaka 2022 Rheinmetall ilionyesha mjini Paris kifaru kipya chenye mzinga wa milimita 130, kikapewa tena jina la Panther. Mwaka huo huo Wamarekani walionyesha gari la majaribio linalounganisha injini ya dizeli na umeme, jambo lililomshinda Porsche miaka 80 kabla yake. Na mnamo Juni 2023, Leopard 2 zilizopewa Ukraine ziliingia katika mashamba ya mabomu ya ardhini kusini mwa nchi hiyo, na kadhaa zikaachwa hapo. Chuma kilikuwa bora. Lakini njia haikuwa imesafishwa vya kutosha, wala anga haikuwa mikononi mwao.

Nchi za sehemu hizi haziundi vifaru, zinanunua. Kila shilingi au faranga inayolipwa hutoka katika kahawa, chai na jasho la mkulima. Wauzaji huja na picha nzuri na hesabu za unene wa chuma, na si kosa kuzitazama. Lakini afisa anayeulizwa shauri lake, na koplo wa karakana ambaye mara nyingi haulizwi, wana wajibu wa kuuliza mambo yale ambayo wajumbe wa Rastenburg hawakuthubutu kuyauliza mbele ya mkubwa wao siku ya sikukuu yake: daraja letu labeba tani ngapi, vipuri vyatoka wapi, redio zasikilizana, na nani atabadilisha gurudumu la ndani usiku wa mvua.

Tiger la Porsche lilikuwa na umeme, Maus lilikuwa na tani 188, na kiongozi wao alikuwa na watu wengi wa kumwambia ndiyo. Aliyekosekana alikuwa fundi mwenye ruhusa ya kusema hapana.